Nishani ya Wangila na kichwa cha mwanandondi

Kenya imeshinda dhahabu nyingi katika Michezo ya Olimpiki, na zote isipokuwa moja zimeletwa nyumbani na wakimbiaji. Hiyo moja ni ya mwanandondi Robert Wangila. Mjini Seoul, Korea Kusini, mwaka wa 1988, Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welta, na kazi ikaishia hapo. Kenya ilirudi na dhahabu tano mwaka huo. Nne zilikuwa za wanariadha Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ilikuwa ya ngumi.

Ukiwatoa Wazungu wa Afrika Kusini wa zamani, hakuna Mwafrika aliyekuwa amepata dhahabu ya ndondi katika Olimpiki kabla ya Wangila. Na tangu siku zile za Seoul, ambapo Chris Sande naye alipata shaba, hakuna Mkenya mwingine aliyepata nishani yoyote ya ndondi katika mashindano hayo, hadi kufikia yale ya Paris ya 2024.

Basi si ajabu kwamba nishani hiyo hutajwa kila mara wapenzi wa ndondi wanapokutana na kuzikumbuka enzi za timu yetu ya taifa, Hit Squad. Kurasa za michezo zimeisifu vya kutosha, na ilistahili kusifiwa. Lakini huu ni ukurasa wa afya, na hapa kuna jambo ambalo wanaoisifu hulipita haraka. Hata miaka sita haikuwa imetimia baada ya Wangila kuvishwa dhahabu hiyo alipofariki kutokana na jeraha la ubongo alilolipata ulingoni. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Maoni yangu ni kwamba tumeirithi nishani na kukiacha kifo. Vijana wanaonyeshwa dhahabu ya Seoul ili wavutiwe na mchezo, lakini hawaelezwi yaliyompata mwenye dhahabu, wala wazazi wao hawaelezwi. Nasi tumeendelea kuuchukulia mchezo huu kana kwamba daktari ni mgeni mwalikwa, akipatikana vyema, asipopatikana kengele ipigwe tu.

Tuanze na yaliyotokea. Baada ya Seoul, Wangila aliingia katika ndondi za kulipwa nchini Marekani, akapigana mapambano zaidi ya 20. Usiku wa Ijumaa, Julai 22, 1994, alipanda ulingoni mjini Las Vegas kupambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa alilisimamisha pambano kwa kuona kwamba Wangila anapigwa mno. Wangila hakukubali. Alilalamika kwamba bado ana nguvu za kuendelea. Alitoka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, akafika katika chumba cha kubadilishia nguo, na huko ndiko alikopoteza fahamu. Alikimbizwa hospitalini na kufanyiwa upasuaji wa kichwa, lakini hakuzinduka tena. Alifariki Jumapili, Julai 24.

Msomaji na alitazame vizuri jambo hilo la kulalamika. Mtu ambaye ubongo wake ulikuwa tayari umeumia alisimama, akaongea, akabishana na refa, akatembea. Watu wengi hudhani kwamba aliyeumia kichwa vibaya huanguka papo hapo. Sivyo. Na yeyote anayesema, "mwacheni aendelee, mwenyewe anasema yuko sawa," anamtegemea shahidi ambaye hawezi kuaminika, kwa sababu kiungo kinachotoa ushahidi ndicho kilichoumia.

Ubongo haukushikamanishwa na fuvu kwa misumari. Unaelea ndani ya maji maalumu, umefunikwa kwa tando, na mishipa midogo ya damu huvuka kutoka juu ya ubongo kwenda kwenye utando mgumu ulio chini ya fuvu. Ngumi ya moja kwa moja usoni hukirudisha kichwa nyuma. Ngumi ya kuzungusha, ile inayotua kwenye taya au ubavuni mwa kichwa, hukizungusha kichwa kwa ghafla, na ubongo ulio ndani huchelewa kukifuata. Hapo ile mishipa midogo huvutika, na wakati mwingine hukatika. Damu huanza kuvuja polepole na kukusanyika chini ya utando. Fuvu la mtu mzima halipanuki hata kidogo. Damu ikizidi, kinachosukumwa ni ubongo, nao husukumwa chini, kuelekea sehemu zinazoongoza kupumua na mapigo ya moyo.

Hii ndiyo aina ya jeraha inayoongoza katika kuua ulingoni. Baina ya pigo na kuzimia kunaweza kupita dakika chache, au hata saa kadhaa, mtu akiwa anaongea na kulalamika kuumwa na kichwa. Muda huo ndio wenye thamani kuliko kitu kingine chochote. Mwaka wa 1981 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 82 waliokuwa wamezimia kwa sababu ya damu ya namna hii kichwani, wengi wao wakiwa wa ajali za barabarani. Miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji kabla ya saa nne kwisha tangu kuumia, 30 katika kila 100 walifariki. Miongoni mwa waliocheleweshwa kupita saa nne, walifariki 90 katika kila 100.

Sasa tuilete hesabu hiyo nyumbani. Wangila aliangukia Las Vegas, mji unaoishi kwa ndondi, penye tume ya serikali inayosimamia mchezo, madaktari kando ya ulingo, na hospitali kubwa isiyo mbali. Pamoja na hayo yote alifariki. Je, kijana wa uzani wa bantam anayeangushwa katika ukumbi wa mtaa Jumamosi jioni, mvua ikinyesha na barabara zikiwa zimefungana kwa magari, atafikishwa wapi katika saa nne? Ni lazima kwanza mtu atambue kwamba ameumia. Kisha ipatikane gari. Kisha hospitali yenye mashine ya skani ya CT inayofanya kazi wakati huo, na baada ya skani apatikane daktari wa upasuaji wa ubongo. Na mahali pengi, kabla ya mlango kufunguliwa, mtu wa kulipa amana. Akiwa nje ya Nairobi au Mombasa, safari ni ndefu zaidi.

Najua nitajibiwa nini. Wakuu wa ndondi watasema Wangila hakufa katika ndondi za ridhaa, bali katika zile za kulipwa, na kwamba nishani yake ya Seoul ilipatikana katika mchezo salama. Ni kweli kwamba tofauti ipo, tena kubwa. Seoul mapambano yalikuwa ya raundi tatu za dakika tatu kila moja, mabondia walivaa kofia za kukinga kichwa, na refa alikuwa na desturi ya kuingilia kati mapema. Katika fainali Wangila hakuhitaji hata raundi mbili kamili. Las Vegas alikuwa katika raundi ya tisa, bila kofia. Mtu anayepigwa kichwani kwa dakika 25 hayuko sawa na anayepigwa kwa dakika tano.

Lakini tofauti hiyo isitulevye. Mwaka wa 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wakitembea na kuongea kama walevi hali hawajanywa kitu. Mwaka wa 1973 Corsellis na wenzake nchini Uingereza walichapisha uchunguzi wa ubongo wa mabondia 15 waliokuwa wamestaafu kisha wakafariki. Walikuta uharibifu wa namna moja ukijirudia, na baadhi ya watu hao walikuwa wa ndondi za ridhaa. Ubongo hauulizi kama aliyepigwa amelipwa. Huhesabu idadi ya mapigo na muda wa kupumzika kati ya pigo na pigo.

Na mapigo hayo hayahesabiwi ulingoni tu. Mwanandondi wa ridhaa anaweza kupigana mapambano kumi au kumi na matano kwa mwaka. Ndani ya mwaka huohuo anaweza kufanya mapigano ya mazoezi mara mia moja, na mara nyingi na mtu mzito kumliko kwa sababu kilabu haina mwingine wa uzani wake. Huko hakuna refa, hakuna daktari, na kofia inayovaliwa pengine ni kuukuu, sifongo yake imekwisha, tena inazunguka watu wanne kwa jioni moja. Kocha hodari hujua siku ya kuwazuia vijana wasipigane kichwani, wafanye kazi ya miguu na begi tu. Kocha mwenye haraka ya kupeleka watu mashindanoni hajui. Ningekuwa mzazi wa kijana anayecheza ndondi, swali langu la kwanza kwa kocha lisingekuwa kuhusu mashindano, ila ni mara ngapi kwa wiki mwanangu anapigwa kichwani.

Hiyo kofia nayo imezua mabishano. Ilianza kuvaliwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka wa 1984, na wengi waliamini kwamba dawa imepatikana. Kofia huzuia uso usichanike na hupunguza vichwa kugongana. Haiwezi kuuzuia ubongo usizunguke ndani ya fuvu. Mwaka wa 2013 chama cha ndondi duniani cha wakati huo, AIBA, kiliiondoa kwa wanaume wakubwa, kikidai kwamba bila kofia mabondia hujilinda zaidi na wachache husimamishwa kwa mapigo ya kichwa. Madaktari wengine hawakuridhika, kwa kuwa takwimu zilitoka kwa wenye chama wenyewe, na michaniko ya uso ikaongezeka. Wanawake waliendelea kuivaa, hata Paris 2024. (Mabwana wa ndondi duniani wamekuwa wakipigana wao kwa wao kiasi kwamba mwaka wa 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliacha kukitambua chama hicho. Afya ya mchezaji haikuwa ndiyo hoja kuu ya ugomvi wao.) Kwa kijana wa mtaani ushauri wangu ni rahisi: avae kofia nzuri mazoezini, lakini asidhani imempa kichwa cha pili.

Kinga iliyo bora kuliko kofia tuliwahi kuwa nayo hapa nchini, nayo ilikuwa ni ufundi. Wazee watamkumbuka Philip Waruinge. Mexico 1968 alipata shaba tu ya uzani wa unyoya, lakini kikombe cha Val Barker, kinachotolewa kwa bondia mwenye ustadi kupita wote katika Olimpiki, alipewa yeye, si mmoja wa walioshinda dhahabu. Munich 1972 akaongeza nishani ya fedha. Kupiga bila kupigwa ndio mchezo wenyewe, na pia ndio afya. Mashabiki wetu siku hizi hushangilia mabondia wawili wanaosimama katikati ya ulingo na kubadilishana ngumi kama watu wanaopasua kuni. Anayekwepa huzomewa kwamba ni mwoga. Zomeo hilo lina madhara kwa afya ya umma, na sisemi hivi kwa mzaha.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi ni uzani. Ili kupungua kilo tatu au nne kabla ya kupimwa, kijana huacha kunywa maji siku mbili, hukimbia juani akiwa amejifunga plastiki, hutema mate chupani, na wengine humeza dawa za kukojoa. Katika mashindano ya ridhaa bondia hupimwa asubuhi ya siku anayopigana, kwa hiyo hupanda ulingoni kabla mwili haujayarudisha maji hayo. Figo huumia, moyo hudunda vibaya, na madaktari wengi wanashuku kwamba ubongo uliokaukiwa na maji huumia upesi zaidi. Anayestahili kilo 60 apigane kilo 60.

Kuna madaktari wanaotaka ndondi zipigwe marufuku kabisa. Chama cha Madaktari cha Uingereza kilisema hivyo mwaka wa 1982, na Chama cha Madaktari Duniani mwaka wa 1983. Iceland ilizipiga marufuku mwaka wa 1956, Sweden ikazikataza zile za kulipwa mwaka wa 1970. Nawaheshimu, lakini siwafuati. Kijana wa Mathare au Kaloleni aliyenyang'anywa ukumbi na kocha hataacha kupigana. Atapigana mahali pasipo na kengele. Ndondi zimewapa wengi nidhamu, na wale waliochukuliwa na timu za polisi, magereza na jeshi zimewapa ajira yenye mshahara na zahanati. Ninaowaogopea ni wasio na kikosi cha kuwachukua, wanaopigania kilabu za mitaa kwa nauli ya matatu na chupa ya soda.

Kwao hao nataka mambo yanayowezekana. Kwanza ni mapumziko. Kanuni za ndondi za ridhaa kwa miaka mingi zilikuwa wazi: aliyeangushwa au kusimamishwa kwa mapigo ya kichwa hukaa nje angalau wiki nne, bila pambano na bila mapigano ya mazoezi. Ikimtokea mara mbili katika miezi mitatu, hukaa miezi mitatu. Mara tatu katika mwaka mmoja, hukaa mwaka mzima. Kanuni hiyo haina gharama yoyote isipokuwa kalamu na kitabu cha kumbukumbu za bondia, ambacho daktari hutia sahihi. Kijana anayeangushwa Nairobi Jumamosi hii asiweze kupigana Nakuru wiki mbili baadaye kwa sababu tu kitabu "kimesahauliwa nyumbani". Asiye na kitabu asipande ulingoni, hata kama tiketi zimeuzwa.

Pili ni daktari na gari la wagonjwa, na hospitali iliyoarifiwa kabla kwamba usiku huo kuna ndondi. Daktari awe na uwezo wa kusimamisha pambano bila kuomba ruhusa ya mwandalizi. Daktari akiondoka, au gari likiondoka na majeruhi, mapambano yasimame mpaka lirudi au lije jingine. Mwaka wa 1982 Mkorea Duk Koo Kim alifariki baada ya kupigana na Ray Mancini huko Las Vegas, na kifo chake kilisababisha mapambano ya ubingwa wa dunia kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Kifo cha Wangila kinastahili kuzaa kanuni ya namna hiyo hapa kwetu, tena iitwe kwa jina lake: pasipo daktari na gari, kengele isipigwe.

Mwandalizi atasema gharama itaua mchezo. Ukumbi hukodiwa, spika za muziki hukodiwa, wageni wa heshima hunywa soda na kula kuku. Gari la wagonjwa nalo liingizwe katika bajeti hiyohiyo, kabla ya kuku.

Kuhusu nishani yenyewe, wasiojua hudhani dhahabu ya Olimpiki ni dhahabu tupu. Ni fedha iliyopakwa dhahabu kama gramu sita. Thamani yake iko kwa aliyeishinda, na wanandondi wetu wengi waliowahi kuvaa nishani za aina mbalimbali wako hai, wengine wakizeeka na mikono inayotetemeka au kumbukumbu inayopotea. Si kila mtetemeko ni wa ndondi, na hata ugonjwa wa Muhammad Ali, bingwa wa Olimpiki wa 1960, madaktari hawakukubaliana sawasawa chanzo chake. Lakini bondia mstaafu anayebadilika tabia, anayeongea kwa kukokota maneno, au anayesahau njia ya nyumbani, apelekwe kwa daktari na aeleze kwamba alicheza ndondi na kwa miaka mingapi. Jamaa zake wasikimbilie kusema ni pombe au amerogwa.

Na kwa wazazi wenye kijana atakayepigana mwisho wa wiki hii: akirudi nyumbani akiwa amepigwa sana kichwani, hata kama ameshinda, asilale peke yake usiku huo. Mtu mzima akae naye na amwamshe mara kwa mara amuulize jina lake na siku. Asinywe pombe, asiendeshe gari wala pikipiki. Asipewe aspirini kwa ajili ya maumivu, kwani huzidisha kuvuja kwa damu. Na ikiwa anatapika, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia hata haamki vizuri, mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, au mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, msingoje kuche. Tafuteni gari saa hiyohiyo, mwende hospitali yenye skani, na mwambieni daktari wa zamu mlangoni kabla ya kitu kingine chochote: huyu ametoka ulingoni.